Mtoto wa Mwaka Mmoja Hadi Mitatu: Namna ya Kufuatilia Ukuaji Wake Bila Kumpima kwa Mtoto wa Jirani

Mwaka wa kwanza kila mtu huuliza mtoto ana kilo ngapi. Akishazima mshumaa mmoja, maswali yanageuka: anatembea? Anasema? Mbona amekonda? Na ni wakati huohuo ambapo familia nyingi hulegeza safari za kliniki, kwa kuwa sindano nyingi zimekwisha na mtoto anaonekana mzima. Huku ni kuacha mlango wazi. Mambo mengi ya kutazama ndiyo kwanza yanaanza.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: kipimo kimoja hakisemi mengi. Mtoto mwembamba anaweza kuwa na afya tele, na mnene akawa na upungufu wa damu. Kinachosema ni mwelekeo, yaani vipimo vya mtoto huyohuyo vikipangwa kwa kufuatana. Kwa hiyo kazi ya mzazi ni kuweka kumbukumbu na kujua lini anyanyuke.

Hatua ya 1: Itoe kadi kabatini

Kadi ya kliniki si cheti cha kuhifadhiwa. Ifungue, tazama mistari iliyopinda. Mistari inayotumika katika nchi nyingi ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kufuatilia watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Waliochaguliwa walinyonyeshwa, mama zao hawakuvuta sigara, na hali ya maisha haikuwabana. Ikaonekana kwamba watoto wadogo wakilishwa na kutunzwa vizuri, hukua kwa kufanana sana, wawe wa bara lolote. Ndiyo maana maneno ya "sisi kwetu ni wafupi" hayatoshi kueleza kwa nini mtoto wa miaka miwili yuko chini kabisa ya mistari. Huenda ni kweli, lakini achunguzwe kwanza.

Kama mtoto alizaliwa njiti, usitumie umri wa tarehe ya kuzaliwa peke yake. Toa majuma aliyowahi kuzaliwa, na ufanye hivyo mpaka atimize miaka miwili. Aliyezaliwa miezi miwili kabla ya wakati, na leo ana miezi 14, atazamwe kama wa miezi 12. Hesabu hii ndogo huwaondolea wazazi wa njiti hofu nyingi zisizo na sababu.

Pamoja na kadi, fungua daftari dogo au ukurasa kwenye simu. Andika tarehe, uzito, urefu, neno jipya, ugonjwa aliougua. Mistari miwili kwa mwezi inatosha. Kama mtoto anashinda na bibi, shangazi au mlezi mwingine, naye aandike. Anayeshinda naye ndiye anayeona mengi.

Hatua ya 2: Pima kwa namna ileile kila mara

Uzito upimwe mtoto akiwa na nguo nyepesi, bila viatu, na nepi iliyolowa itolewe. Nyumbani unaweza kupanda mzani ukiwa umembeba, ukashuka, ukapanda peke yako, kisha ukatoa. Kipimo hicho ni cha kukisia tu. Usikipeleke kubishana na mzani wa kliniki.

Urefu ndio unaokosewa zaidi. Chini ya miaka miwili mtoto hupimwa akiwa amelala chali. Watu wawili wanahitajika. Mmoja anashika kichwa kiguse ukuta, macho ya mtoto yakielekea dari. Wa pili anabonyeza magoti taratibu yanyooke, nyayo zisimame wima, anasukuma kitabu kigumu mpaka kiguse visigino, kisha anatia alama sakafuni. Mtoto atapiga mateke na kulia, hiyo ni sehemu ya zoezi. Akitimiza miaka miwili hupimwa amesimama, na hapo ataonekana "amepungua" kama sentimita 0.7, kwa sababu mwili uliosimama hujikandamiza kidogo. Wapo waliorudi nyumbani wakilia kwa ajili ya sentimita hiyo. Hajapungua.

Ili uwe na picha kichwani: mtoto wa kike wa katikati kabisa ana takriban kilo 9 na sentimita 74 akiwa na mwaka mmoja, na kilo 11.5 akiwa na miaka miwili. Wa kiume ana kilo 9.6 na sentimita 76, kisha kilo 12.2. Yaani mwaka wa pili mzima unaongeza kilo mbili na nusu hivi, na urefu wa kama sentimita 12. Linganisha na mwaka wa kwanza, ambapo mtoto huongeza uzito wa kuzaliwa mara tatu na kurefuka kwa sentimita 25 hivi. Kasi imeshuka, tena imeshuka kwa kawaida yake.

Hatua ya 3: Soma mstari, usisome nukta

Mtoto anayepanda sambamba na mstari wa chini, mwezi baada ya mwezi, kwa kawaida hana tatizo. Wa kutiliwa shaka ni yule aliyekuwa mstari wa juu akaanza kukata mistari kwenda chini, au ambaye mstari wake umelala kati ya ziara mbili au tatu.

Akiugua kuhara, uzito hushuka. Subiri apone, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili hivi, kisha apimwe tena. Uzito ukikataa kurudi, nenda. Uzito ukisimama huku urefu ukiendelea, mara nyingi ni jambo la karibuni: ugonjwa, au chakula kimepungua. Urefu ukibaki nyuma, tatizo limekaa muda mrefu, na huo ndio udumavu. Udumavu hauonekani kwa macho, kwa sababu mtoto mfupi aliyejaa mashavu humfurahisha kila mtu.

Kliniki pia wana utepe wa kuzungusha kwenye mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko, kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka mitano. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, unahitaji matibabu mara moja. Kati ya 115 na 125 ni wa kadiri. Na ukibonyeza kidole gumba upande wa juu wa miguu yote miwili, chini ya vifundo, kikaacha shimo, usingoje siku ya kliniki.

Hatua ya 4: Miguu

Watoto wenye afya huanza kutembea peke yao popote kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu. Upana huo peke yake ungetosha kumaliza mashindano ya majirani. Aliyesimama dede na miezi 9 hana akili kuliko aliyesubiri hadi 15. Na si lazima atambae: kama 4 kati ya kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Wengine husota kwa makalio, wengine hujiburuta kwa tumbo, kisha siku moja wananyanyuka na kwenda.

Akipita miezi 18 bila kutembea, apelekwe. Apelekwe hata kabla ya hapo ikiwa anatumia mkono mmoja tu kwa kila kitu, anaburuta upande mmoja, au mwili wake ni mgumu sana au umelegea kupita kiasi. Watu hufurahi wakisema "huyu atakuwa mashoto", lakini mtoto wa mwaka mmoja hapaswi kuwa ameshachagua mkono.

Matege huogopesha bure. Miguu iliyopinda kwa nje ni kawaida mpaka karibu miaka miwili. Baadaye magoti huanza kukaribiana, zaidi akiwa na miaka mitatu hadi minne, kisha miguu hunyooka yenyewe. Daktari aone ikiwa ni mguu mmoja tu, matege yanazidi baada ya miaka miwili, au mtoto anachechemea. Unyayo bapa nao ni wa kawaida umri huu. Ndani ya nyumba atembee pekupeku, vidole vishike sakafu.

Kile kigari cha kukalia chenye magurudumu, kinachosemwa kinafundisha kutembea, hakifundishi. Kinamfikisha haraka kwenye ngazi na kwenye jiko. Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004. Kama umepewa zawadi, pokea kwa shukrani na usikitumie.

Hatua ya 5: Maneno, na yanayotangulia maneno

Hapa nakuomba ukae kidogo, maana ndipo tunapochelewa zaidi. Wengi huhesabu maneno tu. Kabla ya maneno kuna alama tatu zenye uzito mkubwa: kugeuka akiitwa jina, kuonyesha kwa kidole, na kukurudishia macho.

Itazame ya pili kwa karibu. Ndege anatua dirishani. Mtoto ananyoosha kidole, kisha anageuka kukutazama, kisha anamtazama ndege tena. Hakuombi umpe ndege. Anataka mmwone pamoja. Kitendo hicho cha sekunde tatu hubeba nusu ya lugha, na kwa kawaida huwa kimeshatokea kabla ya miezi 18. Mtoto wa umri huo asiyeonyesha kitu kwa kidole, asiyegeuka akiitwa, au asiyetafuta macho ya mtu, achunguzwe hata kama anajua kuhesabu hadi kumi kwa kukariri.

Kwa maneno yenyewe: karibu na mwaka mmoja hutokea neno la kwanza au mawili. Miezi 18, awe na maneno machache ya kweli mbali na mama na baba, na afuate agizo jepesi kama "lete kiatu" bila kuonyeshwa. Miaka miwili, aunganishe maneno mawili: "mama njoo", "maji kwisha". Miaka mitatu, hata mgeni aelewe sehemu kubwa ya anachosema. Neno la kweli si lazima liwe safi. Akisema "ti" kila anapotaka kiti, hilo ni neno, liandike.

Nyumba yenye lugha mbili haimcheleweshi mtoto. Jumlisha maneno ya lugha zote. Kumi ya huku na kumi na tano ya kule ni ishirini na tano. Wala usiache kuzungumza naye lugha unayoijua vizuri ili umpe ile ya shule ambayo wewe mwenyewe unaitafuta kwa shida.

Mtoto akichelewa kusema, kitu cha kwanza kupimwa ni masikio, hata kama "anasikia vizuri tu". Mtoto anaweza kusikia mlango ukibamizwa na asisikie sauti nyembamba za maneno. Maambukizi ya sikio yanayorudi huweza kuacha majimaji nyuma ya kiwambo yakaziba usikivu kwa miezi.

Kumsaidia hakuhitaji vifaa. Mwogeshe ukitaja unachofanya. Akisema "gari", mrudishie kwa kuongeza: "Ndiyo, gari kubwa linapita." Usimsahihishe kama mwalimu. Ukimwuliza jambo, nyamaza, hesabu moyoni mpaka tano. Watu wazima hujibu kwa niaba ya mtoto kabla hajafungua kinywa, na kaka na dada ndio mabingwa wa hilo.

Marekani, madaktari wa watoto hushauriwa kumchunguza kila mtoto kwa usonji, yaani tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na kuhusiana na watu, akiwa na miezi 18 na tena akiwa na 24. Kama mnakoishi hakuna utaratibu huo, wewe uliza katika umri huo. Na mtoto wa umri wowote akipoteza alichokuwa nacho, maneno aliyokuwa akisema au kupunga mkono alikozoea, hilo halina kusubiri.

Hatua ya 6: Sahani

Ugomvi wa chakula huanza pale kasi ya kukua inaposhuka. Mtoto aliyekuwa akimaliza bakuli sasa anageuza uso baada ya vijiko vinne. Watu wazima wanaona ugonjwa, mwili wake unaona umetosha.

Gawaneni kazi. Mzazi anaamua ni chakula gani, saa ngapi, na wapi. Mtoto anaamua ale kiasi gani. Milo mitatu na vitafunwa mara moja au mbili, akiwa ameketi na wengine. Kumkimbiza nyumba nzima na kijiko kunamfundisha kwamba chakula ni mchezo wa kukimbizana, na atashinda yeye. Chakula kipya kinaweza kukataliwa mara kumi na zaidi kabla hakijakubalika. Endelea kuweka kipande kidogo pembeni ya sahani, usiseme kitu.

Maziwa ya mama yaendelee mpaka miaka miwili au zaidi ikiwa wote wawili wanapenda. Maziwa ya ng'ombe yasizidi nusu lita kwa siku. Yakizidi hujaza tumbo, na yana madini ya chuma kidogo mno. Hivyo ndivyo mtoto mnene, mpole, mwenye viganja vyeupe, anavyogundulika ana upungufu wa damu. Kila siku apate kitu chenye madini hayo: nyama, samaki, yai, jamii ya kunde. Tunda au mboga yenye vitamini C kwenye mlo huohuo husaidia chuma kufyonzwa. Chai hufanya kinyume chake, basi isiwe kinywaji cha mtoto.

Karanga nzima, pipi ngumu na zabibu nzima ziwe mbali naye. Saga, ponda, au kata kwa urefu. Anakula akiwa ameketi, halishwi akiwa amelazwa chali, hakimbii na kitu mdomoni.

Meno yote 20 ya utotoni huwa yametoka karibu na miaka mitatu. Yapigwe mswaki mara mbili kwa siku, dawa ya meno yenye floridi iwe kiasi cha punje ya mchele. Na tuache kuyasingizia meno. Kuota meno huleta udenda na usumbufu, hakuleti homa kali wala kuhara. Aliye na homa ya nyuzi 39 anaumwa kitu kingine.

Hatua ya 7: Usingizi, mchezo, simu

Mwaka mmoja hadi miwili: saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Miaka mitatu: saa 10 hadi 13. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka watoto hawa wapate angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa mwili zilizosambaa mchana kutwa, wasifungwe kwenye kiti au mgongoni zaidi ya saa moja mfululizo, na wa mwaka mmoja wasitazame skrini kabisa. Wa miaka miwili na kuendelea, isizidi saa moja. Najua saa hiyo moja ya skrini huwa tamu kwa anayepika, lakini hesabu pia televisheni inayowaka sebuleni bila mtazamaji.

Hatua ya 8: Hasira

Kati ya miezi 18 na miaka mitatu atajitupa chini na kugaragara kwa sababu biskuti imevunjika. Anataka mengi, maneno hana, na breki za ubongo bado hazijakomaa. Hakikisha hawezi kujiumiza, kaa karibu, sema kidogo. Ukishakataa jambo, lisikubaliwe kwa ajili ya kilio. Hapo familia isemezane kwanza: mama akikataa, babu akatoa kwa siri, mtoto atajua mlango upi wa kubisha. Kumchapa kunamtisha, hakumpi maneno aliyoyakosa.

Kipoti nacho kingoje ishara: anakaa mkavu kwa saa mbili hivi, anajificha akitaka kujisaidia, anaweza kushusha suruali. Wengi hufika hapo kati ya miezi 18 na 30. Akianza kulia akikiona, kiweke kando kwa wiki kadhaa.

Hatua ya 9: Piga magoti, tembea nyumba nzima kama yeye

Fanya hivyo kwelikweli. Utaona waya, mpini wa sufuria, chupa ya dawa chini ya sinki. Dawa na sabuni zipande juu na zifungwe. Ndoo imwagwe, kwa kuwa mtoto huzama katika maji ya sentimita chache. Betri ndogo za duara, zile za saa na rimoti, zikimezwa huweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Ukishuku amemeza, nenda hospitali hata kama anacheza.

Hatua ya 10: Akiugua

Dozi ya pili ya chanjo ya surua, ambayo nchi nyingi huitoa katika mwaka wa pili, ndiyo inayosahaulika. Tazama kadi leo. Uliza pia kuhusu matone ya vitamini A na dawa ya minyoo kama vinatolewa mnakoishi.

Kwa kuhara: maji ya ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kidogokidogo baada ya kila choo, zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu atakavyoelekeza, na chakula kisikatwe. Kwa homa: paracetamol kwa kipimo cha uzito, kamwe si aspirini.

Kwa kikohozi, hesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, inua nguo, tazama tumbo likipanda na kushuka kwa dakika nzima. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi ni haraka mno. Mbavu za chini zikibonyea ndani anapovuta hewa, ondokeni sasa hivi. Ondokeni pia akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea na kuwa mgumu kuamka, au akipata degedege.

Degedege likija: mlaze ubavu, legeza nguo, usitie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa. La homa kwa kawaida hukoma lenyewe ndani ya dakika chache na mara nyingi haliachi madhara. Likipita dakika tano ni dharura, na hata likikoma mapema, mara ya kwanza lazima aonwe na daktari siku hiyohiyo.

Hatua ya 11: Ukifika kwa mhudumu

Usianze na "naona hayuko sawa". Anza na mfano: "Ana miezi 20, hajawahi kunyoosha kidole kuonyesha kitu, na akiitwa hageuki." Beba kadi, daftari, na video fupi ya kile unachokihofia, kwa sababu mtoto hagaragari wala kuchechemea kwa miadi. Ukiambiwa ungoje, uliza ungoje mpaka tarehe gani, na ni kitu gani kisipotokea kufikia siku hiyo ndipo urudi. Iandike palepale kwenye kadi.